Muhuri wa Shemeji

Tangu asubuhi Fundi Waya alikuwa ameshika nyaya za pikipiki ya mtu, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara. Magari matatu yalikuwa yameingia kule kabla hajamaliza hata chai. La nne lilipopiga honi getini, akakata waya mzima akauacha mbovu, akajitukana kimoyomoyo.

Gereji ya ng'ambo ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye wateja walimwita Injinia. Sakafu vigae, feni juu, benchi la wateja lina mito. Na kulikuwa na mashine, kijisanduku chenye kioo, ukikichomeka chini ya usukani kinakuandikia ugonjwa wa gari. Fundi Waya alikuwa na kibanda cha bati na balbu moja aliyoichomelea nyaya mbili, ya kupimia. Kwa balbu hiyohiyo alimfundisha shemeji kazi miaka sita, kijana akila kwake na kulala kwake. Asante ya punda ni mateke. Jioni mkewe angesema, "Leo mdogo wangu kajaza tena," naye angeinamia sahani. Alikuwa na wivu, na alijua ni wivu. Alishaacha kujidanganya kwamba ni uchungu wa haki.

Kwenye saa sita kigari cha mkate kikatoka kule, kikavuka barabara, kikasimama mbele ya kibanda chake. Aliyekuwa akiendesha ni mwenye gari mwenyewe, mjane aliyesambaza mkate madukani, mtaa mzima ukimwita Mama Mkate.

"Fundi, nimekwama," akasema kabla hajashuka. "Nikikanyaga breki, indiketa ndizo zinawaka. Nikiwasha indiketa, taa zote za nyuma zinapepesa. Kibali changu kinaisha leo, na ukaguzi wanafunga saa tisa."

"Injinia kasemaje?"

"Mashine yake haina pa kuchomeka, gari la zamani hili. Kabadilisha balbu zote, wapi. Sasa anataka nyaya zote zing'olewe, gari lilale kwake wiki nzima. Wiki nzima madukani watanisubiri? Wenzangu wanainyemelea njia yangu, nikikosa siku mbili tu nimeipoteza."

"Kwa hiyo mashine imeshindwa."

"Imeshindwa."

"Hebu rudia, sikio hili halisikii vizuri."

"Fundi, utanichekesha nikishapata kibali."

Akaichukua balbu yake. Waya mmoja akaubana kwenye betri, upande wa chanya, kwa kipande kirefu alichokiburuta hadi nyuma ya gari. Wa pili akaugusisha kwenye skrubu ya taa ya kushoto, ile inayoshika waya wa bodi, unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Balbu haikuwaka. Akaugusisha kwenye chuma kitupu cha bampa. Ikawaka, nyeupe.

"Umeme ni kama mgeni," akasema, na sauti yake yenyewe ilimpendeza. "Akiingia lazima atoke. Ukimfungia mlango atapitia kwa jirani. Wa breki umekosa pa kutokea, unapitia kwenye indiketa."

Akafungua skrubu. Chini yake palikuwa na rangi ya buluu, nzuri, inang'aa.

"Nani alipaka?"

"Mwaka jana. Ukaguzi walinikataa, wakasema gari limechujuka. Fundi wa rangi akafungua taa, akapaka mpaka ndani."

"Halafu akafunga waya juu ya rangi. Wamekukataa kwa rangi, na leo rangi ndiyo inakukataza."

Akakwangua kwa msasa hadi chuma kikacheka, akarudisha skrubu, akapaka grisi. Breki ikawaka breki, indiketa ikawaka indiketa. Fundi Waya akatazama ng'ambo kuona kama kuna anayemwona. Hakuna aliyekuwa akitazama.

Wakaenda ukaguzi pamoja, yeye akiwa na balbu yake mfukoni endapo kitu kitaleta shida. Hakikuleta. Mkaguzi, kijana mwenye shati la pasi kali, hakusogea hata kuziona taa. Alitaka fomu ya gereji iliyosajiliwa, yenye muhuri.

Fundi Waya alishafuata usajili mara tatu. Mara ya kwanza walitaka vigae, ya pili mashine, ya tatu walimwambia arudi na vyote viwili.

Mama Mkate akamtazama, akatoa simu. "Usinichukie, Fundi."

Shemeji alifika na bodaboda saa tisa kasorobo, muhuri ukiwa mfukoni mwa shati. Kitu kidogo hivyo, Fundi Waya aliwaza kwa kijicho. Shemeji akamsalimia kwa mkono, "Shikamoo shemeji," akagonga muhuri kwenye fomu, akaisukuma dirishani.

"Chanzo cha hitilafu?" akauliza mkaguzi.

"Mfumo wa umeme, kwa jumla."

"Jumla siandiki. Wapi?"

Shemeji akageuka kumtazama Fundi Waya. Iulize mashine. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini mwa Fundi Waya, matamu kuliko chochote alichoonja mwaka ule. Shemeji alianza kutoka jasho. Mama Mkate hakumtazama yeyote. Alikuwa anafuta kioo cha gari kwa kiganja, palepale palipokwisha kuwa pasafi.

"Waya wa bodi," akasema Fundi Waya. "Taa ya nyuma, kushoto. Skrubu ilikaa juu ya rangi. Rangi mliyoidai nyinyi."

Mkaguzi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Na wewe ni nani?"

"Kibarua wangu, bosi," shemeji akawahi.

"Kweli?" Mkaguzi alishashika muhuri wa serikali, ukining'inia juu ya kibali. "Maana gari likitengenezwa nje ya gereji iliyosajiliwa, sipitishi."

Saa ya ukutani ilibakiwa na dakika mbili.

"Kweli, bosi," akasema Fundi Waya. "Kazi kanifundisha yeye."

Shemeji akainamisha uso, akajifanya anasoma fomu. Muhuri ukashuka.