Ukuta Uliotoka Jasho

Kijiko cha katapila kiliporudi nyuma, ukuta wa mwamba ulikuwa unatoka jasho. Dereva wake, mwanamke ambaye machimbo yote yalimwita Mama Chuma, alizima injini, akashuka, akabandika kiganja kwenye jiwe. Baridi. Maji membamba yalimpita katikati ya vidole, yakadondokea vumbini.

"Shemeji, mbona kimya?" Msimamizi, mdogo wa mumewe, alikuja mbio, kofia ya plastiki ikimcheza kichwani. "Malori yanasubiri."

"Onja."

Akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa maji ya chemchemi ya bondeni, yale waliyokunywa kila siku. Siku za karibuni yalikuwa yakitoka kwa kinyongo, na watu wakalisingizia jua.

"Nikipiga tena kidogo tu," alisema Mama Chuma, "chemchemi inahamia humu shimoni."

"Na tukisimama, watu wote hawa watakula nini?" Msimamizi hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma Mama Chuma zaidi. "Mawe laini yako upande huu. Unajua."

Alijua. Watoto wake walikuwa wamesomeshwa na mawe hayo.

"Nani kasema tusimame? Nahamia upande wa juu."

"Kule? Mwamba wa kule mgumu kama roho ya mwenye nyumba wangu!" alidakia Redio, mpasua kokoto aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Wenzake wakacheka, kisha kicheko kikafa. Nyundo zilikuwa chini. Wote walimtazama Mama Chuma.

"Mgumu, ndiyo. Malori yatapungua, na mtaninunia mpaka mzoee. Lakini mkeo, Redio, anachota wapi?"

Redio akajikuna shingo. "Mke wangu usimwingize humu, mama." Akainama, akaiokota nyundo yake.

Msimamizi alisogea pembeni na simu. Walisikia vipande vipande: "Hapana, bosi, hajagoma... Mwamba upo... Basi njoo ujionee." Aliporudi, kofia ilikuwa mkononi.

"Bosi katupa mwezi mmoja. Mawe yakikosekana, analeta dereva mwingine."

"Mwezi unanitosha," alisema Mama Chuma, kama mtu anayezungumzia kazi aliyokwisha kuimaliza. Akapanda ngazi ya katapila, akawasha injini.

Kwanza alizoa udongo wa mfinyanzi kwenye lundo la zamani, akaushindilia ukutani kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kama anayemfunika mtoto miguu. Jasho la mwamba likakatika. Ndipo akapanda juu, akaanza kuukwaruza ule mwamba mgumu. Meno ya kijiko yalipiga kelele mchana kutwa, na lori moja tu ndilo lililojaa. Saa za alasiri alisikia nyundo nyuma yake. Redio na wenzake walikuwa wamepanda bila kuitwa, wanavunja mapande yaliyokishinda kijiko.

Jioni alishuka bondeni na ndoo yake, vumbi likiwa bado kwenye kope, akasimama nyuma ya foleni. Habari zilikuwa zimemtangulia, lakini hakuna aliyemuuliza kitu. Mama mmoja alijisogeza kumpa nafasi ya kukaa. Mbele yao uzi wa maji uliingia ndooni, ukaendelea kuingia. Gumzo likapungua lenyewe, hata wanawake wote wakawa kimya, shingo zimeinama upande mmoja, wakisikiliza kujua kama mlio wa maji ulikuwa unanenepa.