Kabureta ya Midomo Miwili

Shemeji yangu, mume wa dada, ni karani mkuu wa masjala ya mahakama, na sijapata kuona mtu anayelipenda neno "mkuu" kama yeye. Miwani yake mikubwa, mkoba wake mkubwa, na saini yake inakula robo ya karatasi. Kitu kidogo alichokuwa nacho ni gari tu, na kwa miaka tisa hakulionea haya hata siku moja, mpaka pale kaka yetu kitinda mimba alipompita kwenye kilima cha hospitali.

Siku hiyo shemeji alikuwa anampeleka mama kliniki ya macho. Dada amekaa mbele, mimi na mama nyuma. Kigari kinapanda kwa gia ya pili, kinakoroma kama mzee aliyelala chali, na shemeji amekandamiza mguu mpaka goti limenyooka. Mara kaka akatokea pembeni na gari lake, dirisha wazi. Akapunguza mwendo, akaenda nasi sambamba kwa kitambo, akainua vidole viwili kutusalimu, kisha akatuacha kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kazi za kufanya. Hakusema neno. Angesema, shemeji angemjibu, na mambo yangeishia pale pale.

"Huyo si mwanangu?" mama akauliza.

"Ndiye, mama."

"Mbona hakutusubiri?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya shemeji, nikaiona shingo yake ikivimba kwenye kola.

Jumatatu hakwenda kazini kwanza. Alimchukua dada wakaenda kwenye duka la spea, kwa yule muuzaji anayeitwa Daktari. Udaktari wake ni koti jeupe tu. Dada ndiye aliyenisimulia. Shemeji alieleza ugonjwa wa gari, Daktari akasikiliza macho amefumba, akitikisa kichwa kwa majonzi.

"Mheshimiwa," akasema, "gari lako linakosa pumzi. Hiyo kabureta yake ni pua ya mtoto mwenye mafua. Hewa itapita wapi?"

Akapanda ngazi, akashuka na dude kubwa limefungwa kwa gazeti. Kabureta ya midomo miwili, nzito, inang'aa, imetolewa kwenye injini ya silinda sita. Shemeji akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto.

"Hii ilikuwa kwenye gari la waziri," Daktari akasema.

"Waziri gani?" dada akauliza.

"Mawaziri wanabadilika, mama. Kabureta ni ile ile."

Shemeji hakuhitaji kusikia zaidi ya hapo.

Sasa, gari lile lina fundi wake, mwanamke wa makamo mwenye karakana ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Ni mtu wa maneno machache, ovaroli yake imepigwa pasi hata kama imelowa oili. Mimi nilikuwepo siku shemeji alipompelekea lile dude. Fundi alilitazama, akalitazama gari, akalitazama tena lile dude.

"Hii unataka kuiweka wapi?"

"Kwenye injini."

"Injini ipi?"

Shemeji akaonyesha. Fundi akaokota chaki, akaanza kuandika ukutani, kati ya orodha ya namba za simu na alama za mikono. "Injini yako ni cc mia nane, haifiki hata lita moja," akasema. "Kila ikizunguka mara mbili, inavuta hewa ya ujazo wake mara moja. Ukiikimbiza mpaka mizunguko elfu tano kwa dakika, hiyo ni lita elfu mbili. Na kamwe haijai sawasawa, kwa hiyo ondoa robo. Zinabaki elfu moja na mia tano. Kabureta uliyoileta inaweza kupitisha mara nne ya hizo."

"Basi ndiyo vizuri. Itakuwa na akiba."

"Hewa haiwekwi akiba, bwana. Ikipita kwenye koo jembamba inakimbia, na kwa kule kukimbia ndipo inapofyonza petroli kwenye tundu. Koo likiwa pana, inapita taratibu kama mtu anayepunga upepo. Petroli inabaki imekaa. Jaribu kunywa maji kwa mrija, halafu jaribu kwa bomba la kumwagilia bustani. Kifua ni hicho hicho kimoja."

"Mimi," shemeji akasema, "nina majalada elfu ishirini chini yangu."

Fundi alisubiri aone sentensi ile inakwenda wapi. Haikwenda popote.

"Niachie gari kutwa moja," akasema. "Nilikague kuanzia kwenye pedali. Pengine kabureta haina kosa lolote."

"Gari sijaja kulikagulisha. Nimekuja kufungiwa kabureta."

"Basi mimi siifungi."

Shemeji akaondoka amenuna. Alichokifanya baadaye nakisema huku nikimwonea huruma, maana ni baba wa wapwa zangu. Alikwenda kwa mchomeleaji wa madirisha na mageti. Yule bwana hakuwa na ubishi kabisa. Mashimo ya kabureta hayakulingana na ya injini, akachonga bamba la chuma la kuyaunganisha. Boneti halikufunga, akalikata tundu. Kabureta ikachomoza juu ya boneti kama kiboko anayechungulia nje ya maji, wakaona lazima ifunikwe, na cha kuifunika kikapatikana, kimepakwa rangi nyeusi, kikafungwa kwa skrubu mbili. Shemeji akazunguka gari mara tatu akilipiga picha.

Wiki mbili baadaye mama alikuwa na miadi nyingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo shemeji alimpigia kaka simu kwa sauti tamu ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Twende wote," alimwambia. "Tuongozane tu, kifamilia."

Asubuhi gari liliwashwa mara saba. Lilipokubali, likatoa moshi mweusi uliomfanya jirani aanue nguo. Ndani palinuka petroli mpaka mama akafunika pua kwa mtandio.

"Hii ni harufu ya nguvu," shemeji akasema.

"Ni harufu ya petroli, baba," mama akasema.

Kwenye barabara iliyonyooka kigari kilikwenda, sikatai, lakini kwa kurukaruka na kuguguma. Shemeji akawa anakitia moyo kwa mwili wake, anainama mbele, anainuka. Kaka alikuwa nyuma yetu na adabu zake zote. Tukafika kwenye mzunguko ulio chini ya kilima cha hospitali. Askari wa trafiki akatusimamisha, magari mengine yakapita, kisha akatupungia mkono. Shemeji akavuta pumzi, akakanyaga kwa mguu wote.

Injini ikameza, ikanyamaza. Kwa muda kama wa kuhesabu mpaka mbili hapakuwa na sauti yoyote duniani. Halafu ikapiga chafya, si kwa nyuma kwenye bomba la moshi, kwa juu, kupitia midomo yote miwili, na kile kifuniko cheusi kikang'oka, kikapaa, kikazunguka angani kizuri kabisa, kikatua miguuni pa askari kwa mlio ambao kila mpishi anaujua.

Askari akakiokota. Akakigeuza huku na huku, akaja nacho dirishani.

"Hii ni ya nani?"

Dada alikuwa anakitazama kitako chake, ambako rangi ilikuwa imebanduka na kovu la kuungua likaonekana.

"Ni yangu," akasema. "Nimeitafuta wiki mbili."

Ilikuwa sufuria yake ya wageni.

Shemeji alishuka kusukuma. Mimi nikashuka, dada akashika usukani na sufuria mapajani. Tulipokuwa tunasukuma, mkokoteni uliopakiwa magodoro sita ulitupita upande wa kulia, mwenyewe akaomba samahani kwa upole, "Naomba njia, mzee." Kaka alikuwa ameegesha mbele, amerudi kwa miguu. Nilijua atacheka. Hakucheka, akamtazama shemeji kwa huruma, na hapo ndipo uso wa shemeji uliposhuka kabisa. Kicheko angekivumilia.

Mama akahamia gari la kaka ili asikose miadi. Kabla ya kuingia, alimshika mkwewe bega.

"Baba," akamwuliza, na kweli alikuwa anataka kujua, "kwani tulikuwa tunawahi nini?"

Karani mkuu mzima, mwenye majibu ya mawakili na mahakimu, akamfungulia mama mlango wa gari la kaka.

Tukakisukuma kigari mpaka karakana ya fundi. Ni mtelemko, ashukuriwe Mungu. Fundi alikunja mikono ya ovaroli, akaingia kwenye kiti cha dereva, akamwambia shemeji asimame mbele achungulie ndani ya kabureta.

"Nimekanyaga mpaka mwisho," akasema. "Kilango cha hewa kimefunguka kiasi gani?"

Shemeji akainama. "Nusu."

"Tazama vizuri."

"Nusu, fundi. Hakifiki hata nusu."

Fundi akashuka, akainama chini ya usukani, akaanza kuvuta. Alitoa zulia jekundu zito, la tabaka mbili, lililobaki ofisi ya hakimu ilipokarabatiwa, ambalo shemeji alilitandika mwenyewe ili gari liwe na hadhi. Alilitupa chini, vumbi likapaa.

"Pedali inagonga zulia kabla haijafika chini. Umelitandika lini?"

Shemeji alifikiri. "Huu ni mwaka wa tatu."

"Miaka mitatu," fundi akasema, "umekuwa unakanyaga zulia."

Dada akatoka nje. Nilimsikia huko nyuma ya matairi akikohoa kwa namna ya mtu asiye na kikohozi.

Kabureta ya zamani haikuwa mbali. Shemeji alikuwa ameitupa, dada akaiokota ikawa inazuia mlango wa jikoni usijifunge. Dada akaenda nyumbani kuileta, fundi akaiosha kwa petroli, akapuliza vitundu vyake kimoja kimoja, akairudisha mahali pake. Alasiri ile ile akamketisha shemeji kwenye usukani, akakaa pembeni yake, mimi nyuma. "Twende kilimani," akasema.

Tulipanda kwa gia ya tatu. Hakikukoroma. Juu kabisa shemeji akaegesha pembeni, akazima injini, akakaa akiangalia miguu yake. Nilidhani atatoa visingizio. Akatoa miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha. "Ningelikuachia gari kutwa moja tu," akamwambia fundi kwa sauti ndogo, na nikaona anamaanisha.

Unyenyekevu ule ulidumu siku nne. Kufikia Ijumaa alikuwa mtaalamu. Kwenye ukumbi wa masjala, mbele ya foleni ya watu wenye shida zao, alikuwa na chaki na ubao wa matangazo, anawafundisha mawakili wawili ujazo wa injini, mizunguko, na kwa nini mtu mwenye akili hanunui kabureta kubwa. "Watu wengi," alikuwa anasema, "wanadanganywa na ukubwa." Wakili mmoja alikuwa anaandika. Nilikuwepo kwa sababu dada alinituma nimpelekee chakula cha mchana.

Fundi naye alikuwa kwenye foleni ile, amekuja kufuatilia jalada la kiwanja cha marehemu baba yake, mara ya sita. Shemeji alipogeuka na kumwona, chaki ikamponyoka. Akaitazama chini, akawatazama mawakili.

"Haya yote," akasema, "amenifundisha yule mama pale."

Watu wakageuka. Fundi hakutabasamu.

"Endelea," akasema. "Ila umeandika kwamba hewa inaisukuma petroli. Haisukumi. Inaifyonza."

Shemeji akafuta kwa kiganja, akaandika upya. Kisha akaingia ndani mwenyewe, na jalada ambalo mara tano lilikuwa halionekani likapatikana kwa dakika kumi, vumbi likiwa limeshapanguswa, mhuri umeshagongwa. Wengine kwenye foleni waliambiwa warudi Jumatatu.