Majina Aliyoyaficha Madina

"Mwizi mwenye akili anaulizaka kwanza: uko na nini mu nyumba?" Ndivyo alivyosema Mama Nasra, na uwanja wetu mzima kule mtaa wa Tshopo ukaitikia.

Alikuwa anamsema Daktari Hélène wa hospitali ya Makiso, aliyetaka Madina, mtoto wa dada yake Mama Nasra, apelekwe Kampala kupasuliwa kichwa ili kifafa kiishe. Kabla ya kisu, eti, lazima ampime kumbukumbu: amsomee maneno, naye ayarudishe, ijulikane mapema atapoteza kiasi gani.

"Kupasua, bon. Lakini kuhesabu mali ya kichwa ni ya nini?" akauliza Mama Nasra.

Mali yenyewe tuliijua. Madina ndiye anayetaja marehemu wa ukoo kwenye hitima, kuanzia mababu waliokuja na misafara, bila kuruka hata mmoja. Kwetu asiyetajwa huja kulalamika ndotoni.

Idrissa, mumewe, alikuwa na haraka ya upasuaji kuliko mgonjwa. Fortunée, jirani, akaninong'oneza: "Anataka bibi yake asahau ule mwanamuke wake wa kule Bafwasende."

Basi Madina akaenda na moyo uliofungwa kufuli. Daktari akasoma: pilipili, shoka, kengele, mvua, mutego, chumvi, daraja. Madina akakuna kichwa.

"Pilipili. Ingine imekimbia, docteur."

Siku hiyo tulicheka mpaka pondu, kisamvu chetu, ikaungua chunguni.

Juma lililofuata tulirudi Makiso kundi zima kusikia majibu. Daktari alikuwa anatabasamu.

"Nilikuwa na woga, mama. Kifafa yako inatokea upande wa kushoto, na kwako majina na maneno inakaa kule. Mwenye iko na mingi, anaweza kupoteza mingi. Lakini wewe uko na kidogo tu. Donc, tunaweza kupasua."

Mama Nasra akatazama sakafu.

"Amekudanganya, docteur." Alikuwa Idrissa.

"Nyamaza!" Madina akafoka.

"Ningetaka usahau, ningenyamaza."

Madina alimkazia macho kama anayekagua samaki sokoni. Kisha akamgeukia daktari: "Pilipili, shoka, kengele, mvua, mutego, chumvi, daraja." Akaendelea na marehemu, ukoo mzima, sisi tukiitikia amina hukohuko ofisini.

Daktari akafuta alichoandika. "Alors, tutapima upya. Lakini nikuambie mapema: nikikata, naogopa mingi itaenda. Ngapi, siwezi kuapa."

Madina akautazama mkono wake wa kulia, ulioungua siku kifafa kilipomwangusha kwenye makaa ya moto. "Na moto, docteur, itaningoja?"

Ijumaa, kabla ya safari ya Kampala, uwanja ulijaa. Kila mmoja alipewa marehemu wake wa kumtunzia Madina, akayarudia majina mpaka Madina akaridhika. Fortunée, ambaye hata si wa ukoo, aling'ang'ania mpaka akapata mjomba mmoja mlevi.

Idrissa akabaki mwisho, mikono mitupu. "Na mimi?"

Madina akasita. "Wewe, chukua mutoto wetu mwenye alikufa. Huyu mumoja tu. Nikimusahau, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata kama Bafwasende iko inakuita?"

Tukaacha kutafuna. Idrissa akamsogelea.

"Basi mutaje," Madina akasema. "Tusikie."

"Amani, mwana wa Madina."

"Tena."

"Amani, mwana wa Madina."

"Tena," akasema Mama Nasra, akisogeza kiti chake karibu.