Matumbo ya Mtaa wa Kinu

Zoila Chunga alikuwa anakula wali na maharage jikoni kwake tumbo lake lilipobweka. Wifi yake Eudocia, aliyekuwa akichuja pombe ya mahindi, hakugeuka.

"Wifi, hebu mpe maji huyo."

"Hayo hayo ndiyo anayoyakataa," Zoila akasema, akasukuma kando bilauri ya maji ya bomba.

Tangu awe mjane, Zoila alikuwa akilala na Canela, mbwa wake asiye na manyoya, juu ya tumbo. Watu wa pwani hiyo ya Peru hufuga mbwa hao tangu enzi za mababu. Ngozi yao ni ya moto, hutuliza msokoto wa tumbo. Mwaka ule, katika mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, matumbo ya waliolala na mbwa yalianza kubweka kila maji ya bomba yalipokaribia midomo. Wenye matumbo hayo wakaenda kuteka kisima cha mbali, nao hawakuugua. Wengine, walioendelea kunywa ya bomba, waliharisha. Yesenia, binti wa jirani, alizikwa Jumanne.

Jumatano daktari wa kiwanda, Urrutia, alifika na lori. Alieleza kwa upole kwamba maradhi yameletwa na mbwa.

"Kinu chenu kinamwaga uchafu mtoni, daktari," Zoila akasema. "Bomba letu linanywa hapo hapo."

"Mama, lete mbwa."

Alimpima Zoila tumbo, akasikiliza mngurumo. "Na huyu wa ndani lazima atoke."

"Mtoe basi, baba. Tia mkono."

Daktari aliurudisha mkono mfukoni. Canela akapakiwa na wenzake, lori likaondoka.

Jioni Zoila aliketi chini mbele ya lango la kiwanda na ndoo ya maji ya bomba mapajani. Eudocia akaja na yake, kisha mtaa mzima. Wakainamisha midomo kwenye ndoo, matumbo yakabweka hadi madirisha ya ofisi yakatetemeka. Meneja akatoka.

"Nyamazeni!"

"Sisi tumenyamaza, bwana mkubwa," Eudocia akajibu. "Zungumza na hao."

Kiwanda kilijenga ukuta mrefu zaidi. Mbwa hawakurudishwa. Watu walienda langoni kila jioni, na bado wanaenda.

Watoto wanaozaliwa mtaa ule siku hizi hubweka kwanza, ndipo hulia. Mkunga huwafuta, akawakabidhi kwa mama zao.

"Huyu naye hanywi ya bomba," husema.

Nje, mto unapita chini ya ukuta, mweusi.