Kimya cha Chumba

…na usipumue kwa pua, pua inapiga filimbi, pumua kwa mdomo, polepole, ndiyo, mstari wa sauti kwenye kompyuta umelala sasa kama maji ndani ya ndoo, hiki ndicho kimya cha chumba, msomaji wa vitabu vya kusikilizwa lazima akirekodi kila akimaliza kazi, akitumie baadaye kuzibia pale alipokata kikohozi au kiti kilicholia, na kwa kuziba yeye hana mpinzani, magodoro ukutani, blanketi zito mlangoni, zulia hadi darini, mama alikuwa akimcheka, mwanangu umejijengea kaburi lenye umeme… mama, ambaye sasa yuko sebuleni kwenye kiti chake, hacheki wala hasemi, ulimi ulikwenda siku ile alipoanguka bafuni… atulie, asitikise kiti, lakini nani huyo, ni dada, yuko mlangoni, sauti inapenya blanketi nusunusu, “…mdogo wangu… harusi ya mwanangu… hata kidogo tu, amsikie bibi yake…” asijibu, anarekodi, mtu anayerekodi hajibu, jana mezani dada aliuliza vilevile, mashine zote hizi, kweli hukuwahi kumrekodi mama hata neno? naye akasema sina, upesi, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani, na dada akampigapiga begani, usijilaumu, ungesikia ungekuja mbio… Ungesikia! Alisikia. Hilo ndilo linalomla. Alikuwa katikati ya sura, hedifoni masikioni, mstari ukainuka kilima kidogo kati ya sentensi mbili, ndani yake mama anamwita, naye akajisemea ni miwani tena, au rimoti, mama na rimoti hawajawahi kupatana, ngoja nimalize ukurasa, akamaliza ukurasa, akamaliza na sura, akakikata kile kilima na kuunganisha vizuri mno, hakuna sikio ambalo lingejua, na alipotoka akaukuta mguu wa mama kwenye kizingiti cha bafu, kandambili imechomoka… daktari akauliza ameanguka saa ngapi, sijui, chumba kimezibwa, sikusikia, na wote wakayalaumu magodoro, aibu gani hii, kuyasingizia magodoro… na kile kipande hakukifuta, kimo humu kompyutani, hajathubutu kukisikiliza, alisikia mwito tu, hajui baada ya mwito mama alisema nini, nayo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki, na kumpa dada ni kumwambia nilisikia, la kuvunda halina ubani, litanuka tu, leo au siku ya harusi… “Basi, endelea na kazi,” dada anasema huko nje, “samahani, nimekusumbua,” samahani! yeye ndiye anayeombwa samahani, yeye! na kabla hajajua anafanya nini mdomo ukafunguka, “Ninayo, dada,” na mstari ukainuka kilima kidogo, ukubwa uleule wa kile cha mama, “nilimsikia, dada, nilimsikia,” lakini dada keshaondoka mlangoni, na magodoro yaliyosingiziwa kuimeza sauti ya mama sasa yameimeza yake kweli, na kidole kimekwenda chenyewe kwenye kitufe cha kukata, mazoea hayo, ondoa kidole, kiache kilima hicho, mashine bado inarekodi, mstari umelala tena, akavua hedifoni, akaanza kulibandua blanketi la mlangoni.