Pistoni au Konrodi

Ephantus Mungai wa Lavington alikuwa na nyumba ya vigae, mbwa wawili waliokula vizuri kuliko askari wa langoni, na gari la mashindano ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulishindia kitu. Aliyekuwa akilishindia ni Mwanasha Mbarak. Jambo hilo lilimkera Ephantus kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na mwaka wa 1978 aliamua kulikomesha.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Lililala kwenye gereji ya Zadock Were, nyuma ya bangalo moja huko Kilimani, enzi hizo Kilimani ikiwa bado ni mabangalo matupu na nyua zilizojaa maua. Zadock alikuwa fundi kutoka Busia, muumini wa kanisa, mpole wa maneno na mkali wa spana. Mwanasha alikuwa mtoto wa duka la spea. Marehemu baba yake alilifungua Barabara ya Grogan alipopanda kutoka Mombasa, na ingawa barabara ilishapewa jina la Kirinyaga, wauza spea waliendelea kuiita Grogan kana kwamba hawakuambiwa. Sasa kaka yake Amin ndiye aliyekaa kaunta. Mwanasha alijifunza kusoma kwenye maboksi ya beringi, akajifunza kuendesha kwa kuwapelekea wateja mizigo, na hadi umri ule wa miaka thelathini hakuwa amekutana na mtu wa kumshika sikio.

Kwenye injini yake Zadock alifunga turbo, pampu ya hewa aliyoitoa kwenye trekta iliyoungua huko Kitale. Mafundi wa mjini waliicheka mpaka machozi. Turbo ni ya malori, walisema. Lakini Nairobi iko juu, hewa yake nyepesi, na injini hupanda vilima huku ikitafuta pumzi. Turbo huisindilia hewa injini, ikapata pumzi ya kutosha na ziada. Tatizo ni kwamba mara ya kwanza waliifunga na kuziacha pistoni za kawaida, zile za kumiminwa kwenye kalibu. Moja iliyeyuka katikati, ikabaki na tundu la kupitisha kidole gumba. Ephantus aliichukua akaiweka sebuleni, akaifanya kisahani cha majivu ya sigara, na kila mgeni alionyeshwa na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwanamke.

Basi safari hii ilibidi watafute vyuma vya kufuliwa, vilivyopigwa na kushindiliwa vikiwa moto mpaka vikawa na moyo mmoja. Ilifaa wapate pistoni na konrodi kwa pamoja, konrodi zikiwa ile mikono inayozishika pistoni kwenye krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Lakini miaka ile huwezi kuagiza kitu ng'ambo bila kibali, na kibali cha duka la Amin kilibakiza nafasi ya seti moja tu. Pistoni au konrodi.

Ephantus alifika dukani mwenyewe, amevaa suti, akaegemea kaunta.

"Agiza konrodi," alisema.

"Na pistoni?" Mwanasha akauliza.

"Weka zile za kawaida, mpunguze turbo kidogo. Mimi nataka injini ilie. Nikikanyaga mafuta, watu wasikie mpaka Westlands."

Mwanasha alielewa papo hapo alichokuwa akiambiwa. Turbo hutesa pistoni, kwa sababu joto lote na uzito wote huangukia kichwani mwake. Konrodi hutaabishwa na mbio. Injini ikizungushwa kupita kiasi, pistoni huzivuta konrodi hadi zikatike. Dereva anayejua kungoja, anayepanda gia mapema na kuiachia turbo kazi ya kusukuma, huyo anahitaji pistoni. Dereva anayekanyaga mpaka sakafuni na kuusahau mguu wake huko huko, huyo anahitaji konrodi. Kwa hiyo anayechagua vyuma amechagua dereva. Ephantus hakuwa mjinga hata kidogo, naye alilijua hilo kama Mwanasha.

"Unataka kuendesha wewe," Mwanasha alisema.

"Kwani gari ni ya nani?"

"Ni yako, bwana Mungai. Lakini kibali ni cha duka la baba yangu. Amin, andika pistoni."

Amin alimtazama mteja, akamtazama dada yake, akajitia hamnazo, akaandika pistoni.

"Unanichezea wewe," Ephantus alisema.

"Sikuchezei. Nakwambia mbele ya uso wako. Nimechagua pistoni kwa sababu injini hii nitaiendesha mimi."

Ephantus angeweza kulihamisha gari siku ile ile. Lakini lipelekwe wapi? Mafundi wote wengine walishaicheka ile turbo, na Ephantus aliona heri akosane na Mwanasha kuliko kuwapa wale nafasi ya kucheka tena. Akatoka bila kuaga.

Pistoni zilifika, Zadock akazifunga. Pistoni za kufuliwa hutanuka zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kidogo, na asubuhi injini ikiwa baridi hugonga vibaya sana. Ephantus alikuja Kilimani asubuhi moja, akaikuta inagonga, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyepata barua ya kupandishwa cheo.

"Imekufa!" alisema. "Si nilisema?"

"Ngoja ipate moto, mkubwa," Zadock alimjibu.

Walisubiri. Kelele zilififia moja moja, kisha injini ikatulia na kunguruma sawasawa. Ephantus hakuona haya hata kidogo. Alisema kama ni hivyo basi injini ni nzima, na Jumamosi ya mazoezi, kabla ya mashindano ya Jumapili, ataanza kuendesha yeye.

Mwanasha alichukua kichupa chake cha rangi ya kucha, akachora mstari kwenye kioo cha saa inayoonyesha mbio za injini, kwenye mizunguko elfu tano na nusu kwa dakika. Saa ile ilikuwa na mishale miwili. Wa kwanza ulipanda na kushuka na injini. Wa pili ulisukumwa na wa kwanza na kubaki pale pale ulipofikishwa, mpaka mtu aurudishe kwa mkono.

"Konrodi ni zile za zamani," alimwambia. "Ukiupita mstari huu, mimi siijui tena injini hii."

"Nimesikia, mwalimu," Ephantus alisema, na mbwa wake wangeweza kukwambia hakuwa amesikia.

Mlima wa mashindano ulikuwa kwenye shamba la kahawa nyuma ya Lavington, barabara ya lami iliyotoka mtoni na kupanda kwa kona tatu kali mpaka ghalani. Kila gari lilipanda peke yake, na saa ndiyo iliyoamua. Jumamosi ile Mwanasha na Zadock walisimama kwenye kona ya pili, penye korongo upande mmoja. Walimsikia Ephantus akiondoka chini. Injini ilipanda, ikafika pale ambapo Mwanasha angebadilisha gia, ikapapita, ikaendelea kupanda mpaka ikawa mlio mmoja mwembamba. Zadock alifumba macho. Mwanasha alikaza meno akingoja mshindo wa chuma kikitoboa chuma kingine.

Hakukuwa na mshindo. Gari lilipita mbele yao likipiga kelele, likaikosa kona ya tatu, likapiga mswaki kwenye mibuni na kurudi barabarani. Likafika juu.

Aliporudi chini, majani ya kahawa yalikuwa yamejaa kwenye bampa na mshale wa pili ulikuwa umelala karibu na elfu saba. Hata hivyo muda wake ulikuwa mbovu kuliko ule wa Mwanasha wa mwaka uliotangulia, alipopanda bila turbo. Rafiki zake wa klabu walikuwa wakimwuliza kama amekuja kushindana au kuvuna. Ephantus alicheka nao, kisha akamvuta Mwanasha kando.

"Kesho endesha wewe," alisema.

Moyo wa Mwanasha uliruka. Nasema uliruka, na hata yeye hakutaka kuficha. Kiti kile alikipigania tangu siku ya kaunta, na sasa kililetwa kwenye sahani.

"Vizuri," alisema. "Ngoja tuifungue tuangalie konrodi."

"Hakuna kufungua. Ukifungua leo, kesho hamtamaliza, na usajili unafungwa saa nne. Umesikia vile inanguruma? Iko sawa kabisa. Ulisema itavunjika, haijavunjika. Kombe iko pale. Kalia kiti au uache."

Alienda zake kwa rafiki zake. Mwanasha alibaki amesimama kando ya gari. Alijua Ephantus amesema kweli kwa nusu. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Lakini konrodi iliyovutwa kupita kiasi haisemi. Inaweza kukaa mwaka mzima, na inaweza kukatika kesho kwenye kona ya pili, penye korongo. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa korongo. Ni kwamba Ephantus alikuwa amempa kiti chake mwenyewe kama mtu anayempa mtumishi koti kuukuu, na juu yake akaweka sharti kwamba asijue amekalia nini.

"Zadock, unasemaje?"

Zadock alikuna kidevu. "Dada Mwanasha, mimi nasema ukweli. Hii kiti umeitafuta mwaka mzima. Imekuja. Kalia tu, tuombe Mungu."

"Na ukiwa wewe ndiye unayekalia?"

Mwanasha alifungua boneti, akachukua spana, akafungua bomba la maji ya rejeta pale pale kwenye nyasi, maji yakamwagika miguuni mwa watu waliokuwa wakinywa soda. Alitaka Ephantus aone, na Ephantus aliona. Alikuja akikimbia na suti yake.

"Wewe mwanamke una wazimu? Nimekupatia kiti!"

"Kiti umenipa, macho umeninyima. Siendeshi injini ambayo siruhusiwi kuiangalia. Ukitaka, endesha wewe, sasa hivi, hivyo ilivyo, bila maji."

Ephantus alimmwagia matusi ya Kikuyu na Kiingereza kwa zamu. Lakini rejeta ilikuwa tupu, na watu walikuwa wanatazama. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka Kilimani.

Usiku ule Mwanasha na Zadock walifungua injini, wakazitoa konrodi zote nne, wakazilowesha kwenye mafuta ya taa, wakazipangusa kavu na kuzipaka unga wa chaki. Hiyo ndiyo njia ya mafundi. Chuma chenye ufa humeza mafuta, kisha huyatema polepole kwenye chaki, na mstari mweusi hujichora wenyewe. Walikaa kwenye mikebe ya rangi, wakitazama. Mwanasha aliutamani huo mstari. Tusimpambe, aliutamani sana. Ufa mmoja tu, hata mwembamba kama unywele, na angeupeleka Lavington akautie juu ya kile kisahani cha majivu.

Chaki ilibaki nyeupe. Konrodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote nyeupe kama kanzu ya Ijumaa.

"Hakuna kitu," Zadock alisema kwa sauti ndogo. "Ingeenda tu. Ungeenda tu."

Mwanasha alihisi uso ukimwaka. Alikuwa amelitupa kombe, na kiti, na labda na jina lake mjini, kwa konrodi nne nzima. Aliichukua moja akaigeuza mkononi. Kisha hasira ilimrudia, na safari hii ilikuwa hasira safi, isiyotaka kumwonyesha mtu chochote.

"Ningeenda bila kujua," alisema. "Sasa najua. Funga injini."

Asubuhi ya Jumapili Amin alilifungua duka kwa ajili yake, akampa gasketi na boliti mpya huku akimwambia kwamba mjini pote wanamcheka. Mwanasha alimwambia awaache wacheke. Walipomaliza kufunga jua lilikuwa limeshaegemea Ngong, na walipofika kwenye mlima vikombe vilikuwa vimegawiwa na watu wamejazana hemani wakinywa. Barabara ilikuwa wazi. Aliyekuwa amesimama pale mwanzo alikuwa Ephantus peke yake, mikono mifukoni.

"Mbio zimeisha," alisema.

"Nimeona."

"Hakuna mtu wa kushika saa."

"Sikuomba saa. Sogea, bwana Mungai."

"Hiyo gari ni yangu!"

"Ni yako. Sogea."

Ephantus akasogea. Mwanasha aliurudisha mshale wa pili kwenye sifuri, akaondoka. Turbo ilichelewa kidogo kama kawaida yake, kisha ikamsukuma mgongo kitini, akapanda gia mshale ulipogusa mstari wa rangi ya kucha, akapanda tena. Kona ya pili aliipita bila kuuondoa mguu kwenye mafuta, kwa sababu alijua konrodi zote nne kwa sura. Kona ya tatu aliipita bila kugusa jani. Juu ghalani hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi, akacheka peke yake kwa sauti mpaka kifua kikamuuma.

Alirudi chini polepole, akazima injini, akashuka. Ephantus aliinama dirishani akaangalia saa. Mshale wa pili ulikuwa umelala kwenye elfu tano na nusu, juu ya rangi kabisa.

"Mwezi ujao kuna mbio Nakuru," alisema bila kugeuka.

"Najua. Nitaendesha mimi. Na nikisema injini inafunguliwa, inafunguliwa."

"Mwanasha, lete funguo."

Alinyoosha mkono. Mwanasha aliutazama mkono ule, akazitia funguo kwenye pochi yake, akavuta zipu, akamwita Zadock waende hemani wakatafute chai kabla haijaisha.