Nyangumi Aliyeomba Chumvi

Agosti ya mwaka 2008 chombo cha kutafuta gesi kilikuwa kikienda na kurudi mbele ya mdomo wa Ruvuma, na juu ya mlingoti wake alikaa mheshimiwa mmoja: kamera ya joto. Mheshimiwa alikuwa na kofia yake ya kumkinga na chumvi, na kitambaa chake laini cha kufutwa uso. Upendo, aliyeajiriwa kumhudumia, hakuwa na kofia wala kitambaa.

Upendo alikuwa binti wa mwalimu wa Chikongola, na alikuwa amesomea viumbe wa bahari. Nyuma ya chombo ilikokotwa mizinga ya hewa iliyolipuka chini ya maji kila baada ya sekunde kumi, ili mwangwi ueleze mwamba ulivyolala. Mlipuko huo ungeweza kumwumiza nyangumi masikio, na miezi hiyo nyangumi hupita pale na watoto wao. Kamera haikujua rangi, ilijua joto tu. Katika kioo chake bahari ilikuwa kijivu kama uji uliopoa, na pumzi ya nyangumi ilifumka juu yake kama doa jeupe. Upendo akiliona karibu, anabonyeza kitufe na mizinga inanyamaza saa nzima.

Tatizo ni kwamba wavuvi nao wana matumbo. Hupika humohumo mitumbwini mwao, juu ya moto uliowashwa ndani ya debe la mchanga. Penye ukungu, wimbi likiupandisha moto ule na kuuficha, kamera huona doa linalofumka na kupotea. Upendo alishadanganyika mara moja. Mara ya pili shughuli zote zilisimama saa nzima kwa heshima ya nyangumi, kisha nyangumi mwenyewe akatokeza kwenye ukungu, anapiga kasia. Alikuwa Mzee Hashimu wa Msimbati.

"Hodi wenyewe! Mchuzi uko motoni, chumvi hatuna. Mnayo?"

Kelvin, msimamizi wa chombo, alimpa chumvi kwa adabu zote. Kisha akamgeukia Upendo.

"Dada, umesimamisha watu ishirini kwa ajili ya mchuzi. Ukirudia, nakushusha bandarini na begi lako."

Hakuwa anatania. Tangu siku ile kidole cha Upendo kilikuwa kizito. Asubuhi moja aliona doa na hakubonyeza. Ukungu ulipopanda, kumbe ni mtumbwi. Kila mtu alifurahi isipokuwa yeye. Alijua kwamba hakuwa na uhakika, alikuwa ameogopa tu, na nyangumi halindwi kwa bahati.

Wiki ya pili ya Septemba, saa mbili asubuhi, ukungu ulikuwa mzito kama blanketi la bweni. Doa likafumka mita mia nane mbele. Likapotea. Likafumka tena.

"Mzee Hashimu huyo," alisema Kelvin nyuma yake. "Leo anataka sukari."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Upendo aligeuka, akamwona Omari, baharia wa Mtawanya, amejilaza kando ya kamba na taulo bichi usoni, midomo imemkauka.

"Omari, Mzee Hashimu anafunga?"

"Yule? Si ndiye mwadhini wao! Ramadhani hata mate hamezi."

"Si wavuvi wote wanaofunga," alisema Kelvin.

Omari aliinua taulo, likafunua jicho moja. "Kweli, bosi. Lakini mla mchana anatafuna muhogo mbichi kajificha nyuma ya tanga. Hawashi moto katikati ya bahari, moshi umtangaze mpaka Msumbiji!"

Upendo aliona aibu. Amekulia Chikongola, amekula futari za majirani utoto wake wote, na bado alikuwa akiusoma ule moto kama swali la fizikia, kana kwamba hauna mwenyewe.

Akabonyeza.

Mizinga ikanyamaza. Dakika tano zilipita, kisha kumi. Kioo kilikuwa kijivu kitupu.

"Kafungashe, dada," alisema Kelvin taratibu.

Alikuwa hajamaliza kusema ilipokuja sauti ya mtu mkubwa sana anayetua mzigo: pfuuu. Harufu ya samaki wa juzi ikawafunika. Mgongo mweusi ulipanda kwenye ukungu, ukashuka polepole, na ubavuni mwake pumzi nyingine, fupi, ya haraka haraka, kama ya mtoto aliyekimbizwa.

"Mama yangu," alinong'ona Kelvin. Hakuna aliyemcheka.

Sheria ilisema saa ile moja huhesabiwa tangu pumzi ya mwisho. Mtoto wa nyangumi hakuisoma. Alizunguka, akanyonya, akapotea, akarudi. Saa nne kasorobo akapumua tena karibu na chombo. Bila kuombwa, Kelvin alichukua daftari, akafuta muda aliokuwa ameuandika, akaanza kuhesabu upya.